Umefika Uhuru, je Zugspitze kwa njia ya Höllental utaiweza?

Swali limetoka kwa dada mmoja Mtanzania aliyeko Bavaria, Ujerumani, nalifupisha kidogo: "Shikamoo kaka. Nasoma ausbildung ya unesi huku. Kabla sijaja nilipanda Kilimanjaro kwa Machame nikafika Uhuru. Sasa wenzangu wa wodini wanataka twende Zugspitze, mlima mrefu kuliko yote Ujerumani, mwezi wa nane kwa njia inaitwa Höllental, tunaanza alfajiri tunafika kileleni siku hiyohiyo. Wanasema we umefika mita 5,895 hii ya 2,962 itakuwa mchezo. Nimeangalia picha, mlima mweupe halafu umesimama wima, nikaingiwa na woga. Niende? Na ule weupe mbona sio theluji?"

Marahaba mdogo wangu. Jibu nakupa mapema usije ukachoka kusoma: Zugspitze nenda, ila Höllental usiende, angalau sio kwa sababu hiyo waliyokupa ya kwamba ulifika Uhuru. Kufika Uhuru ni sifa na hakuna wa kukunyang'anya, lakini Kilimanjaro ilikupima mapafu na uvumilivu, ulitembea pole pole siku kadhaa, wagumu, yaani wapagazi, wamebeba mizigo, mpishi kapika, mwongozaji anakuangalia macho kama umeanza kuumwa na mwinuko. Zugspitze haikupimi huko kabisa. Inapima nyayo, mikono, kichwa kisichoogopa kuangalia chini, na uwezo wa kugeuza mapema mawingu yakianza kujenga. Na karibu yote hayo yanatokana na aina ya jiwe, kwa hiyo swali lako la weupe, ambalo umeliweka mwisho kama la kupitisha muda, mi naanza nalo.

Kilimanjaro ni volkano, jiwe lake limetoka tumboni mwa dunia likiwa moto. Zugspitze ni chokaa kuanzia chini mpaka juu, na chokaa hiyo ilijijenga baharini. Zaidi ya miaka milioni 230 iliyopita pale palikuwa na bahari ya joto yenye maji ya kina kifupi, wanajiolojia wanaiita Tethys, imejaa mwani, sponji na viumbe vidogo vinavyojijengea magamba ya chokaa, vikafa vikalaliana kizazi juu ya kizazi mpaka tabaka likafika unene wa mamia ya mita. Jiwe hilo lina jina lake, Wettersteinkalk, kutokana na safu ya Wetterstein ambayo Zugspitze ndo mkubwa wake. Ukienda Unguja, Lamu au Kilwa ukaangalia kuta za majumba ya zamani, lile jiwe la matumbawe ni ukoo mmoja na hili, tofauti ni umri, la kwetu bado bichi lina matundu na la huku limebanwa likakomaa. Na aliyeliinua baharini ni bara letu, yaani bamba la Afrika likiwa na kipande chake cha mbele kinachoitwa Adria lilisukuma kuelekea kaskazini likaigonga Ulaya, sakafu ya bahari ikakunjwa, ikapandishana, zikatokea Alps. Kwa hiyo unachokiona kwenye picha mwezi wa nane ni jiwe lenyewe limepauka, theluji inabaki kwenye mabonde ya juu na upande wa kivuli tu.

Sasa ona jiwe hilo linakufanya nini wewe mpandaji. Chokaa inayeyuka kwenye maji ya mvua taratibu sana, ndo namna yalivyopatikana mapango ya Amboni pale Tanga. Huku juu ya Zugspitze, upande wa kusini mashariki, kuna uwanda mkubwa wa mawe unaitwa Zugspitzplatt, uko mita 2,000 na kitu kwenda juu, unapokea theluji nyingi kwelikweli na huwezi kuona mto hata mmoja wa maana. Maji yote yanazama kwenye nyufa na mashimo, yanasafiri chini kwa chini gizani halafu yanatokea kwa kishindo bondeni kwenye chemchemi wanaita Partnach-Ursprung. Hata ziwa Eibsee, lile la rangi ya kijani na bluu ambalo watu wa Instagram wanalimaliza kwa picha, halina mto unaotoka nje, maji yanapotelea ardhini. Kwa mpandaji maana yake ni moja, ukishaondoka kwenye kibanda cha mlimani maji ndo uliyobeba mgongoni. Lita mbili sio nyingi, tatu kukiwa na jua. Kwenye Kili ulizoea wagumu wanachota kijitoni wanachemsha, huku mpaka kibanda kinachofuata ni saa mbili au zaidi na jua linakupiga kutoka juu na kutoka kwenye jiwe jeupe pia, kwa hiyo miwani ya jua na kofia ni lazima, ngozi yetu nayo inaungua usidanganyike.

La pili, chokaa hii ikipasuka inapasuka kuta. Ndo maana umeona mlima umesimama. Kwenye kuta hizo hakuna njia ya kutembea mikono mfukoni, kuna nyaya za chuma zimepigiliwa kwenye mwamba na vipande vya chuma vya kukanyagia, Wajerumani wanaita Klettersteig. Mahali watu wengi wamepita miaka mingi jiwe limesuguliwa na buti mpaka linang'aa, na likilowa linateleza kama sabuni. Mahali pengine ni kokoto na mawe yaliyolegea, ukikanyaga hovyo unamtupia mwenzako wa chini. Na ndani kabisa kwenye nyufa karibu na kilele kuna barafu ya kudumu inayoshikilia mawe yasiachane, toka 2007 wanasayansi wa Bavaria wametoboa mwamba wa kilele wakaweka vipimajoto wanaifuatilia, na mwamba unazidi kupata joto. Barafu ikilegea mawe yanashuka. Zaidi ya miaka 3,000 iliyopita lilishuka pande kubwa la mlima upande wa kaskazini, vifusi vyake ndo vile visiwa na misitu yenye mawe makubwa kuzunguka Eibsee, watu wanatandika mikeka wanakula bila kujua wamekalia mlima.

Haya, Höllental yenyewe. Unaanzia Hammersbach chini kabisa kama mita 750, unapita kwenye korongo la Höllentalklamm, mahandaki na vijidaraja, maji yananguruma pembeni. Korongo ni zuri sana lakini ni mahali pa kuheshimu, Agosti 2021 mvua kubwa ilileta wimbi la ghafla humo likasomba watu na kuua, kwa sababu kwenye kuta za jiwe tupu maji hayana pa kusubiri, yanashuka yote kwa pamoja. Baada ya korongo kuna kibanda cha Höllentalangerhütte, mita 1,387, mpaka hapo mtu yeyote mwenye miguu anafika na mi nakushauri hata ufike siku moja kwa matembezi tu. Mchezo unabadilika baadaye. Kuna ngazi ya chuma, halafu kuna sehemu inaitwa Brett, ukuta laini ambao umewekewa vyuma vinachomoza, unakanyaga chuma kimoja kimoja huku nyuma yako ni hewa. Halafu unafika kwenye barafu ya Höllentalferner, na hapa ndo wenzako wa wodini wanatakiwa waulizwe maswali. Barafu inataka vyuma vyenye meno vya kufunga chini ya buti, na mwisho wa barafu kati yake na mwamba kuna mwanya. Mwezi wa sita mwanya umefunikwa na theluji, mwezi wa nane barafu imeshuka na mwanya umefunguka, kulifikia jiwe la upande wa pili na kuupata waya ndo panapowatesa wengi. Ukishavuka bado una mamia ya mita ya kupanda kwa nyaya mpaka kileleni, na mikono imeshachoka.

Piga hesabu ya mwinuko uone. Kilele cha Zugspitze kiko karibu sawa tu na kambi yako ya kwanza ya Machame, kwa hiyo kichwa hakitauma kama kule kambi ya Barafu, hewa iko kama asilimia 70 ya ile ya pwani, utahema kidogo basi. Lakini usiku ule wa kilele, kutoka Barafu Camp mpaka Uhuru, ulipanda kama mita 1,200. Höllental kwa siku moja ni kama mita 2,200. Karibu mara mbili, na nusu ya pili ni ya mikono. Hayo masaa ni saba, nane, kwa mtu aliyezoea. Mtu akikwambia hiyo ni mchezo kwa sababu namba ya kilele ni ndogo, anasoma namba isiyo sahihi.

Kwa hiyo waulize wenzako mambo ya kawaida tu, bila ugomvi. Wameshapanda Klettersteig ngapi, nani ana uzoefu wa barafu, kila mtu ana helmeti, mkanda wa kiunoni na kamba zile mbili za kunasa kwenye waya zenye kizuizi cha mshtuko, vyuma vya buti vipo au watakodi, na wakifika kwenye mwanya wakakuta haupitiki wataamua nini. Wakikujibu vizuri wao waende, hongera zao, we uwasubiri juu. Wakianza kukucheka, umeshapata jibu. Na kama unaitamani kweli hiyo njia, kuna waongozaji wa milima wenye leseni pale Garmisch, mji ulio chini ya mlima, wanaopeleka watu, fanya mazoezi kwenye Klettersteig rahisi msimu mmoja kwanza halafu mlipe mwongozaji, huku mwongozaji sio lazima kisheria kama KINAPA, hifadhi ya Kilimanjaro, inavyolazimisha kule kwetu, hakuna geti la hifadhi, hakuna kibali, hakuna anayehesabu walioingia na waliotoka. Watu wanaona uhuru huo ni raha, mi naona ndo unaowaponza wageni.

Njia ninayokupa ni Reintal. Ni ndefu, kama kilomita 21, mwinuko ni uleule wa mita 2,200 na kitu, ila ni ya kutembea na unaigawa siku mbili. Treni kutoka Munich mpaka Garmisch-Partenkirchen ni kama saa moja na nusu, unaanzia kwenye uwanja wa ski wa Olimpiki ya 1936, unaingia korongo la Partnachklamm ambalo ni la kulipia kiingilio, kama mita 700 za kuta zilizobanana na mto wa Partnach katikati, halafu bonde linafunguka na unaufuata mto huohuo masaa mengi chini ya msitu. Usiku lala Reintalangerhütte, mita 1,370 hivi, mto unapita mlangoni. Juu kidogo ya hapo ndo ilipo ile chemchemi niliyokusimulia, ipitie, ni dakika chache, weka mkono kwenye maji ujue yametoka wapi. Kesho yake unapanda mpaka Knorrhütte, kama mita 2,050, kibanda cha kwanza kujengwa kwenye safu hiyo, toka 1855. Kutoka hapo unaingia kwenye Platt, ule uwanda wa Zugspitzplatt, mawe matupu, ukungu ukishuka fuata alama za rangi na usikate njia kwa kisingizio cha kufupisha. Kipande cha mwisho kutoka kituo cha Sonnalpin kwenda kileleni ni kokoto zinazorudisha nyuma hatua moja kwa kila mbili halafu ukingo wenye nyaya, hapo utatumia mikono lakini kwa namna ambayo mtu aliyevuka Ukuta wa Barranco hatashtuka. Barranco ndo kipande pekee cha Machame kinachofanana na huku, kama pale ulifurahia basi utafurahia na hapa.

Hali ya hewa sasa, na hapa naomba unisikilize kama unavyomsikiliza sista wa wodi. Mwezi wa nane asubuhi inaweza kuwa kweupe kabisa na saa nane mchana radi ziko juu ya kichwa chako, na wewe umeshika waya wa chuma. Theluji kileleni kiangazi ni jambo la kawaida. Julai 2008 kulikuwa na mbio za kupanda Zugspitze, watu wamevaa kaptura na fulana, baridi na theluji vikawakuta juu, wawili wakafa. Kituo cha hali ya hewa kipo kileleni toka 1900 na Februari 1940 kilirekodi nyuzi 35.6 chini ya sifuri, sawa hiyo ni ya kipupwe, lakini ikupe picha ya mahali penyewe. Kwa hiyo hata siku ya jua unabeba koti la mvua, sweta la maana, glavu na kofia ya sufu. Angalia utabiri wa milimani wa Alpenverein, chama cha wapanda milima, jana yake na asubuhi ile, ukisoma Gewitter, yaani radi, mchana basi uwe kileleni kabla ya saa sita au usiondoke kibandani.

Sasa jiandae kisaikolojia kwa kilele maana kinakera. Umetoka jasho siku mbili, unafika unakuta mamia ya watu na sandozi zao wanakula soseji, wamepanda kwa gari la waya dakika kumi. Austria walijenga lao kutoka Ehrwald 1926, Wajerumani wakaja na treni ya meno inayopita ndani ya handaki la mlima, ilifika juu 1930, na Desemba 2017 wakafungua gari jipya la waya kutoka Eibsee lenye nguzo moja tu, urefu wake mita 127, kutoka nguzo hiyo waya unaruka zaidi ya kilomita tatu hewani bila kugusa kitu. Vilele vyenyewe vilikuwa vitatu. Cha kati kilitolewa kafara kwa ajili ya kituo cha waya, cha magharibi jeshi lilikilipua 1938 kwa ajili ya jengo la kuongozea ndege ambalo halikujengwa kamwe. Kimebaki cha mashariki chenye msalaba wa dhahabu, msalaba wa kwanza walipandisha 1851 vipande vipande migongoni mwa wapagazi 28, wagumu wa enzi zile. Kutoka kwenye baraza la watalii mpaka msalabani ni kipande kifupi cha kukwea na ngazi, siku za wikiendi foleni inatisha na wengine wamevaa raba za kwendea dukani, subiri zamu yako usisukumane pale. Kunguru weusi wenye midomo ya njano watakuja kukuomba chakula, usiwape.

Kuna jambo lingine huwa nalikumbuka nikiwa pale, sio la maana sana kwa safari yako. Waliorekodiwa kufika kwanza kileleni ni luteni Josef Naus wa upimaji ramani wa Bavaria na wenzake wawili, Agosti 27, 1820. Miaka 69 baadaye, Oktoba 1889, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, huyu wa pili mwana Alps hasa kutoka Austria, wakafika Kibo, Meyer akakiita kilele jina la Kaiser Wilhelm, na kwa muda wote wa ukoloni Wajerumani wakawa wanahesabu mlima wao mrefu kuliko yote uko Uchagani. Walipopoteza vita wakarudi kwenye hii yao ya 2,962. Kwa hiyo mwenzako akikwambia tena Zugspitze ndo namba moja Ujerumani, mjibu walau kwa tabasamu.

Barafu nayo ukiwahi utaiona. Kwenye Platt kulikuwa na barafu mbili zinazoitwa Schneeferner, ya kusini 2022 Chuo cha Sayansi cha Bavaria kilitangaza sio barafu hai tena, imekwisha, na Ujerumani nzima zikabaki nne. Ya kaskazini bado ipo chini ya vituo vya watalii, imechafuka na vumbi la mawe, kwa miaka mingi walikuwa wanaifunika maturubai kiangazi kuichelewesha kuyeyuka, wakaacha. Sisi tulioziona za Kibo zikipungua hatuhitaji kuelezwa.

Mambo ya mfukoni tumalize. Jiunge na Alpenverein, uanachama unakupa punguzo la kulala vibandani na bima ya kuokolewa mlimani, helikopta bila bima ni deni. Namba ya dharura ni 112, mtandao ukikosekana toa ishara sita ndani ya dakika moja, kwa filimbi au tochi, pumzika dakika, rudia. Bergwacht wanaokuja kukuokoa wengi ni watu wa kujitolea, kwa hiyo usiwaite kwa sababu umechoka. Kibandani mnalala kwenye magodoro yaliyopangwa pamoja, unatakiwa uje na shuka lako jembamba la kuingia ndani, pesa taslimu, na ukimya baada ya saa nne usiku. Buti liwe la soli ngumu, lile ulilopandia Kili kama soli haijaliwa linatosha. Kushuka usijitese kwa miguu, magoti ndo yanayoumia kwenye kokoto, nunua tiketi ya kushuka tu, gari la waya au treni, ila uliza saa ya mwisho maana wanafunga mapema jioni.

Na fanya booking ya Reintalangerhütte sasa hivi, usisubiri ratiba ya zamu itoke. Ijumaa na Jumamosi za mwezi wa nane zinajaa mapema sana, lakini we nesi una siku za mapumziko katikati ya wiki, chukua Jumanne kuamkia Jumatano. Wiki ya pili ya mwezi wa tisa pia ni nzuri, radi zinapungua na watoto wa Bavaria wanakaribia kurudi shule, ukikuta nafasi hapo ichukue hiyo.